Cheni ya Zamani Haipo Stoo

Mama Anna,

Nawahi basi la Mwanza kutafuta cheni ya injini ya pikapu yetu. Uji uko kwenye chupa. Ng'ombe wapelekwe majini mapema.

Asubuhi mimi na mdogo wangu Sylvester tuliilaza cheni ya zamani sambamba na mpya niliyonunua mjini. Ya zamani imerefuka, na meno ya gia zake yamechongoka. Mpya nayo nilipoishika kwa ubavu ililegea, ni feki. Nikasema tusubiri cheni nzuri pamoja na gia zake.

"Kaka, kwaya ya Shishiyu tuliyoahidi kuibeba haitasubiri," akasema. "Ya zamani itavuta safari moja."

Nikamkatalia, akaokota spana akatoka. Sikupenda alivyotoka.

~~Mwache afunge injini, aijaribu hapo uani tu.~~

Hapana, asiguse kitu. Cheni ikikatika mteremkoni injini inazima, breki zinakuwa ngumu, na nyuma wamejaa watoto wa watu.

Nimeacha kuandika kidogo nikaenda stoo kuichukua ile ya zamani iwe sampuli. Haipo. Sylvester naye hapokei simu.

Nimeing'oa betri, iko chini ya kitanda chetu. Akikuuliza, mwambie nimeondoka nayo.

Baba Anna