Jino la Mbele Lisiguswe na Maji

Mahabibo, Alhamisi. Joto, vumbi jekundu mpaka kwenye mashuka, na mimi nimefunga mdomo tangu asubuhi kama mtu aliyesusa.

Naogopa. Niandike hivyo hivyo, maana kusema sithubutu.

Asubuhi daktari wa meno, Mfaransa, ameifumua ile saruji nyeupe niliyozibwa nayo jino la mbele mwaka jana huko Nosy Be, nilipokuwa kwa dada Zaina. Kwa nje palikuwa na mstari tu pembeni, rangi ya chai. Ndani, lo! Kumeoza, kweusi. Msaidizi wake akanifasiria kwa Kimalagasi: saruji ile ililowa kabla haijashika, ikaacha ufa usioonekana, na kila ninachokunywa kimekuwa kikipita humo.

Nikakumbuka. Siku ile nilitoka kuzibwa nikaingia moja kwa moja kwenye udhu wa adhuhuri. Nilisukutua kwa nguvu, kama tulivyofunzwa. Nani angenikataza?

Leo amepaka kwanza sandarusi, utomvu wa mti ulioyeyushwa, ndani ya tundu, akaiacha ikauke, ndipo akaziba, na juu akapaka mafuta mazito. Sandarusi ile ile aliyokuwa akiiuza marehemu baba kwa magunia! Harufu yake ilinituliza kidogo. Kisha msaidizi akaninyooshea kidole.

"Aza, usithubutu, madamu! Maji yasiliguse mpaka jua lizame. Wala usilale mdomo wazi, saruji ikikauka sana inapasuka. Ikivuja tena hatuzibi. Tunang'oa."

Mwalimu wa chuo cha Kurani asiye na jino la mbele atatamkaje herufi thaa? Ulimi utashika wapi? Marehemu bibi alipotokwa na meno, thaa yake iligeuka sini, na wanafunzi wake mpaka leo, watu wazima na wajukuu wao, wanasoma kwa sini ile ile. Herufi ikiharibika kinywani mwangu, imeharibika vinywani mwa watoto wa watu.

Alasiri wasichana wangu wa chuo wakatawadha nami kwenye pipa. Mkono wangu, kwa mazoea, ukachota maji ukapanda wenyewe mpaka mdomoni. Midomo ikalowa! Nikayamwaga.

"Mwalimu, hujasukutua," akasema Mwanaecha, mdogo wao, asiyepitwa na kitu.

Nikatikisa kichwa tu. Kusukutua ni sunna, udhu wangu umetimia. Kisha nikakimbilia kioo. Tone limeingia? Sijui. Mafuta bado yapo, nadhani.

Kwa kuwa nilikuwa bubu, leo walisoma wao, mimi nikawatazama. Sijawahi kuwatazama hivyo.

Wote wanavuta chini mdomo wa juu.

Wote! Hata Mwanaecha, mwenye meno meupe pe, anayaficha. Thaa yake inatoka imefifia, inakaribia fa. Mwaka mzima nimekuwa nikilifunika doa langu kwa mdomo huku nikiwasomesha, nao, masikini, wameiga kwa bidii kile nilichowaonyesha.

Sasa jua limezama, naruhusiwa maji. Bilauri iko mbele yangu na bado naiogopa. Lakini kesho, jino liwe jeupe au la kahawia, nitaufungua mdomo mbele yao wauone ulimi unapokaa. Hili likivuja, daktari ana koleo lake. Lile kosa lililokwisha kuvujia kwa watoto, nikichelewa, nani ataliziba?