Rubisi Niliyoimwaga

Mama,

Shikamoo. Migomba uliyoipanda upande wa jikoni yote imebeba. Baba amekata miti mipya ya kuiegemeza, ila ile ya zamani, uliyokuwa ukiishikilia ukipita shambani, hataki iguswe. Imeoza chini, haiegemezi kitu tena. Nimeacha kubishana naye.

Asubuhi bado tunatazama mlangoni. Hapo ulikuwa ukisimama peku, ukikanyaga sakafu kuijaribu miguu, kisha ukitutangazia: leo nalima, au leo nakaa namenya ndizi. Nyumba nzima ilingoja neno hilo, maana hata daktari aliyeutaja ugonjwa wako, maltipo sklerosisi, alisema ni ugonjwa unaokula mishipa ya fahamu na hakuna ajuaye kesho utaamkaje. Mkono mmoja ulipokataa, uliibana ndizi kwa magoti ukamenya kwa mwingine, huku ukitucheka sisi wenye mikono miwili kwa uvivu wetu. Sijaona mtu jasiri kama wewe.

Lakini naandika kwa sababu ya mambo yaliyotokea kabla ya daktari. Nilikuwa darasa la sita. Ulianza kuyumba njiani, ulimi ukawa mzito, na wanawake wa kwaya wakanong'ona kwamba unakunywa. Mama, niliwaamini. Siku wageni walipokuja kumposa shangazi, nilichukua kibuyu cha rubisi ya Baba nikaimwaga yote migombani, ili usije ukalewa mbele yao. Wewe, ambaye hukuwahi hata kuionja pombe ya ndizi.

Baba alipokikuta kibuyu kitupu aliuliza nani amefanya hivi. Mikono yangu ilikuwa inanuka. Uliitazama, ukaegemea mlango, ukasema, "Ni mimi."

Wageni wakatazamana. Jumapili habari ilikuwa imefika kanisani kabla yako, ukaondolewa kwenye kwaya. Ukawa unaimbia jikoni.

Miaka mitatu baadaye, ukweli wa ugonjwa wako ulipojulikana, wale wanawake walikuja na mikungu ya ndizi kuomba radhi, wakakurudisha kwenye benchi lako. Mimi bado sikukiri habari ya kibuyu. Nilikuogesha, nilikusuka, nilikubeba mgongoni hadi kwenye bodaboda ya kwenda hospitali ya Nyakahanga, na bado neno halikutoka. Kisha ukatutoka.

Jumapili iliyopita nimemwambia Baba. Tulikuwa tukipunguza kwa visu majani makavu ya mgomba, wala hakugeuka.

"Najua," alisema. "Mama yako aliniambia siku ileile, wageni walipoondoka. Akanikataza nisikuulize. Alisema, mwache, atakuja mwenyewe."

Nililia hapohapo, kisu mkononi. Miaka yote ile ulikuwa unaningoja, na hukunionyesha hata kwa jicho.

Nimekuja, Mama. Nimechelewa sana, lakini nimekuja. Nisamehe.

Kuna dada mmoja kwenye kwaya ameanza kuyumba, na watu wameanza kumcheka. Sijui ana nini. Keshokutwa nitampeleka Nyakahanga na nitakaa naye kwenye foleni mpaka aonwe. Nakuahidi sitamwacha njiani. Akiniuliza kwa nini najisumbua, nitamsimulia habari ya kibuyu, na safari hii nitasema ni mimi.

Pumzika, Mama.

Mwanao,
Kokushubira