Jibu Nililochelewa Kukuletea

Baba,

Assalaam alaikum huko uliko. Ni mimi Rukia wako, niko dukani kwako Bondeni. Cherehani mama ameifunika kwa leso. Jana mzee mmoja wa Tononoka alikuja kuulizia kanzu yake. Nilipomwambia umefariki alikaa kwenye benchi akalia. Mimi nikaitafuta kanzu yake rafuni.

Wakumbuka ulivyoniuliza, mikono ilipoanza kukutetemeka, nafanya kazi gani hasa huko Ulaya? Nikakwambia kuna protini ya ubongo, ikijikunja vibaya huleta maradhi kama yako. Twabandika juu yake vialama viwili, kila kimoja na elektroni inayozunguka kama pia ya watoto. Tukiviweka kwenye sumaku kubwa, mizunguko ile hutwambia vialama viko mbali kiasi gani kimoja na chenzake, ndipo tujuapo umbo la protini. Ukauliza, "Na yenyewe iko wapi wakati huo?" Nikasema iko ndani ya kichupa, kwenye maji safi. Ulicheka weye! "Kanzu haijaribiwi msumarini, mwanangu. Mvalishe mtu."

Wallahi nilinuna wiki nzima. Kisha nikaanza upya, safari hii ndani ya seli hai. Lo! Seli huviua vile vialama. Dakika chache tu, ishara kimya. Nilihangaika mwaka mzima mpaka nikapata aina inayostahimili.

Mama aliponipigia Jumatano, "Njoo, babako akutaka," niliuliza hali. Akasema umekunywa uji kidogo. Nikamwambia mashine ishaanza, nimalize kipimo, Jumamosi nitapanda ndege. Ukafariki Alhamisi asubuhi, wakakuzika baada ya sala ya adhuhuri. Mimi, mzaliwa wa Bondeni, nilisahau kwamba kwetu maiti hawekwi kumngoja mtu.

Kipimo kilitoka safi. Ndani ya seli protini haikai kama nilivyoiona kichupani. Kweli ilikuwa yako. Nilitaka nikuletee jibu hilo mwenyewe. Kumbe hukuwa na haja ya jibu. Mama anambia kila mlango ulipolia ulikuwa ukiuliza, "Ni Rukia?"

Inaniuma, Baba. Hakuna aliyenizuia. Nilijizuia mwenyewe.

Nipe radhi zako. Mola akulaze pahala pema. Jumapili narudi kazini, na nitaendelea, maana wako wengi wenye mikono kama yako. Lakini mama akiniita, sitauliza hali kwanza. Nitakuja.

Mwanao,
Rukia