Mtani wa Mzee Lazaro

Ulaya, Kilosa
12 Februari 1974

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Hali yako, na Mama je, na mguu wake? Mimi ni mzima, ila mbu wa huku hawajali kwamba mtu ni mgeni wa Kanisa.

Uliniuliza kazi yenyewe ya kujitolea ikoje. Asubuhi nakwenda shamba la kijiji pamoja na wote, maana huku mwalimu anayekaa kivulini hapewi salamu ya moyo. Alasiri nafundisha watu wazima kusoma, barazani pa ghala. Wanafunzi wangu wana mvi. Chaki wanaishika kwa nguvu za jembe, inakatika, wanaichekea. Wananiuliza kama kweli Kenya kila mtu ana shamba lake na jirani hamwoni. Nawajibu kwamba kwetu Voi hata mbuzi wa jirani tunamjua kwa sauti.

Nimepangiwa kukaa kwa Mzee Lazaro na mkewe Mama Agnesi. Siku ya kwanza Mzee alisimama mkutanoni akasema, "Huyu sasa ni mwanangu. Mwenye la kusema aseme." Hakuna aliyesema, ila mama mmoja, Marselina, na huyo hajanyamaza mpaka leo. Ni mkubwa kuliko Mama, yumo darasani kwangu, na ananichosha. Ananiita "mtoto wa mwizi wa kuku" mbele ya darasa zima. Juzi alitoa nyama kwenye sahani yangu akala, akasema baba yangu Lazaro alimla jogoo wake mwaka wa njaa. Mzee mwenyewe anacheka mpaka anakohoa. Mimi nanyamaza kwa kulinda heshima ya kazi.

Wasalimie wote.

Mwanao,
Timotheo


Voi
9 Machi 1974

Mwanangu Timotheo,

Marahaba. Sisi tumeamka salama, mguu wa Mama umepona, sasa ni zamu ya mkono wangu, baridi yabisi imeushika. Kwa hiyo nafupisha.

Mama yako anawaambia akina mama wa kanisani kwamba mwanawe yuko Ulaya. Hasemi Ulaya ipi. Nami sijamsahihisha.

Huyo Marselina mwache achukue nyama. Kuna sababu, na mimi naijua tangu nilipokuwa kazini stesheni ya Kilosa, ila ni ndefu na mkono unauma. Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.

Baba yako,
Simoni


Ulaya, Kilosa
20 Mei 1974

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mkono umepata nafuu? Mwili wangu ni mzima, lakini nyumba yetu imeingiliwa. Mzee Lazaro amefariki. Kikohozi kilimzidi, na tulipopata gari la kumpeleka Kilosa alikuwa ameshatuacha. Nimelia, Baba. Alikuwa ananiamsha kila asubuhi kwa kugonga ukuta mara moja tu, kisha anaondoka, kana kwamba hakuniamsha.

Lakini nikueleze ya mazishini, kwa maana najua utanionea fahari. Kasisi alikuwa anakaribia kuanza sala, mara Marselina akatokea amevaa koti la marehemu, amelipindua nje ndani, anachechemea kama alivyokuwa akichechemea Mzee. Analia kilio cha uongo: "Jamani, kaondoka na jogoo wangu tumboni!" Kisha akashuka kaburini, Baba, akalala chali humo. "Hapa pazuri. Sitoki mpaka mnilipe!" Watu wanaficha nyuso kwenye kanga. Kasisi anatazama viatu vyake. Mama Agnesi mabega yanamtikisika, nikajua analia kwa uchungu wa kudhalilishwa.

Sikuvumilia. Nilishuka, nikamshika Marselina mkono, nikamvuta juu kwa nguvu na kumvua lile koti. Nikamwambia mbele ya kadamnasi, "Mama mzima huna haya? Hata maiti humwonei aibu?"

Marselina alijipangusa udongo, akanitazama, akaenda zake. Ndugu zake wote wakamfuata. Tukazika upesi upesi.

Tangu siku hiyo darasani hawaji. Nadhani wanaona haya, kwa kuwa wote walikuwepo na aliyesimama ni mimi mgeni. Mama Agnesi anakaa kwenye mkeka chumbani, hazungumzi nami, ingawa chakula changu hasahau kunitengea.

Mwanao,
Timotheo


Voi
11 Juni 1974

Timotheo,

Marahaba. Tu wazima. Mama nimemsomea salamu tu, barua nimeificha.

Umefanya nini, mwanangu? Ukoo wa Marselina na ukoo wa Lazaro ni watani. Mtani ndiye anayeruhusiwa kumkejeli marehemu, ili waliobaki wapate kupumua. Mama Agnesi hakuwa analia pale. Alikuwa anacheka, pengine kicheko cha mwisho alichobakiziwa na mumewe, nawe ukakikata. Mtani ndiye anayefagia majivu ndani ya nyumba ya msiba. Ndiye anayemnyoa mjane na kumshika mkono kumtoa nje. Mpaka afanye hivyo, huyo mama hainuki kwenye huo mkeka. Hakai kwa huzuni tu, anakaa kwa sababu yako.

Na hakuna anayemkasirikia mtani, hata mtoto mdogo wa huko anajua. Alipokuita mtoto wa mwizi wa kuku hakukutukana. Alikuwa amekubali kwamba wewe ni mtoto wa Lazaro.

Nilijua haya tangu barua yako ya kwanza nikaona uvivu kuandika. Kwa hiyo aibu hii tugawane. Ila kwenda kuomba radhi ni kwako. Usiende peke yako na usiende mikono mitupu.

Baba yako,
Simoni


Ulaya, Kilosa
2 Julai 1974

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakuulizia hali huku mimi mwenyewe sijui niseme niko katika hali gani.

Barua yako niliisomea nyuma ya ghala. Nilirudi nyumbani nikakuta sahani yangu imefunikwa kwa kawa. Mama Agnesi, niliyemfungia ndani, alikuwa amewatuma majirani wanipikie, tena wasinicheleweshee. Mahindi yake ngedere walikuwa wameyamaliza nusu, na mwenyewe hakuweza hata kusimama mlangoni awafukuze. Na mimi kwa majuma yote hayo nilikuwa napita mbele ya chumba chake nikijiona shujaa. Aibu niliyoiona, Baba, siwezi kukueleza. Nilikula kile chakula kwa sababu kukiacha kungekuwa kosa jingine.

Nilikwenda na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Nikolaus, na mbuzi dume niliyemnunua Kilosa. Marselina alikuwa anatwanga. Hakuacha. Balozi alisema ya kwake, nami nikapiga magoti nikasema ya kwangu. Alipomaliza kutwanga akajibu, "Nimesikia."

Kesho yake akaja na ndugu zake. Wakafagia majivu. Akamnyoa Mama Agnesi palepale mkekani huku akimwambia, "Lete hicho kichwa, mchawi we, tuone Lazaro alikuwa anakufuatia nini!" Mama Agnesi alicheka na machozi yanamtoka, akatolewa nje, akakunja uso kwa jua. Uani kote watu wanacheka.

Darasa limerudi. Marselina naye amerudi, anakaa mbele, na jana ameandika jina lake bila kukosea. Nadhani nimesamehewa.

Mwanao,
Timotheo


Voi
30 Julai 1974

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, mvua hakuna.

Nimefurahi kwa ajili ya mjane. Nina swali moja tu, nawe unijibu kweli: Marselina amekutania tena?

Baba yako,
Simoni


Mikumi
14 Desemba 1974

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Salamu za kila mwezi nilimtumia Mama kwa sababu kwako kulikuwa na swali, nami nilikuwa nangoja nipate jibu zuri. Mwaka wangu umekwisha. Nakuandikia nikiwa Mikumi, nangoja basi la Morogoro, na ikiwa barua itanitangulia, basi utakuwa umeshasoma nikifika, tusilazimike kuliongea mbele ya Mama.

Jana waliniaga kijijini. Wengi wanasoma sasa, hilo nalileta nyumbani bila haya. Mama Agnesi aliniwekea viazi vya njiani, akanifunga mzigo upya kwa kuwa nilivyofunga mimi hakupendezwa.

Marselina alikuwa amechangamka siku hiyo. Alimwambia balozi kwamba suruali yake imeshonwa na adui. Alimwambia kasisi kwamba mbinguni hawamjui. Alimnyang'anya Mama Agnesi kanga ya kichwani, akaivaa, akaenda nayo mbio, wakafukuzana pale uwanjani wanawake wazima wale wawili. Watu wanashika mbavu. Kila aliyemfikia alipata lake, hata watoto wachanga. Nikawa naona zamu yangu inakaribia, Baba, na nikuambie kweli, nilisogea mbele. Nilikuwa tayari kuitwa chochote. Mwizi, mtoto wa mwizi, vyovyote.

Alipofika mbele yangu alirekebisha kanga yake. Akakunja goti, akanipa mikono yote miwili, mama yule anayemzidi Mama yangu umri, akasema kwa sauti ya taratibu:

"Shikamoo, mwalimu. Ufike salama kwenu."

Nilimtazama nikingoja neno jingine. Watu wote walikuwa wakinitazama kwa adabu kabisa, kama mtu wa serikali aliyepita siku moja.

Nikaitika marahaba.

Mwanao,
Timotheo