Kidole cha Baba

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Nimeshuka Mbulu mjini saa tisa, vumbi mpaka puani. Fomu imefika salama! Niliifunga ndani ya kitambaa cha kichwa, na kila lori liliporuka nilipapasa kama bado ipo. Tuko wasichana kumi na mmoja darasani na Sista Mkuu kanichagua mimi. Miezi sita Kampala, hospitali ya wazazi, mafunzo ya vitendo. Nikirudi ni mkunga mwenye cheti. Nisipokwenda, hakuna cheti — nitachemsha sindano za wenzangu mpaka nizeeke.

Kilichobaki ni kidogo. Baba aweke kidole, jumbe wetu agonge mhuri, DC atie sahihi. Mwisho ni Ijumaa ya tarehe 17, na lori la Arusha linaondoka Jumamosi. Sista kanipa fomu mbili, moja ya akiba, maana ananijua mimi na wino. Siku kumi na moja nzima! Leo nalala kwa shangazi Angela hapa mjini. Kesho Nambis, nyumbani.

Jumanne, 7 Agosti

Sijafika nyumbani. Nimeishia kwenye kijito.

Mke wa jirani alinikimbilia na jembe mkononi, akipiga kelele nisivuke. Konsolata, mke wa kaka yangu, alijifungua wiki iliyopita. Mtoto alitanguliza miguu. Kichwa kikakwama. Amekufa bila kulia hata mara moja.

Basi nyumba yetu yote imetengwa. Iko metimani — baba, mama, kaka, Konsolata, hata ng'ombe. Hakuna wa kuingia kwao, hakuna wa kutoka. Maji wanachota peke yao kule chini, moto hawaombi kwa mtu. Mpaka mvua za vuli. Nikivuka tu, na mimi nimo.

Nimelia kwa ajili ya Konsolata. Halafu, Mungu anisamehe, nimelia kwa ajili ya fomu. Sijui kilio kipi kilikuwa kirefu zaidi.

Miguu kwanza! Sista alisema Kampala wanafundisha hilo hilo, namna ya kumtoa mtoto wa hivyo akiwa hai.

Alhamisi, 9 Agosti

Misheni. Padri amesema hayo ni mambo ya zamani, Mkristo asiyaogope. Nikafurahi. Nikamwuliza, je, baba aje aweke kidole hapa ofisini kwako, umwite na jumbe?  Akasema baba akifika hapa, waumini hawataingia kanisani mwezi mzima.

Kumbe!

Jumamosi, 11 Agosti

Baridi, ukungu, na upepo wa kukata masikio. Nimesimama ng'ambo hii ya kijito nikaita mpaka koo likauma. Baba akatokea juu, kwenye mtama uliokwisha vunwa. Amekonda.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba, mwanangu! Usisogee!"

Hivyo ndivyo tulivyosalimiana baada ya miezi saba.

Nilimweleza kwa kupiga kelele, Kampala, miezi sita, kidole. Niliweka fomu na kikopo cha wino juu ya jiwe, nikarudi nyuma hatua hamsini. Baba akashuka. Akapangusa kidole gumba kwenye shuka lake mara tatu, akakibonyeza taratibu, akaweka kijiwe juu ya karatasi isipeperuke. Akapanda tena. Nikaiokota kwa kitambaa, kama tunavyookota vyombo vilivyochemshwa. Alama imetoka safi kabisa, duara ndani ya duara.

Akaniuliza kwa sauti, huko Kampala watakufundisha kuhusu miguu? Nikamjibu ndiyo.  Alikaa chini pale pale kwenye mabua.

Jumatatu, 13 Agosti

Jumbe amekataa.

Nilipofungua kitambaa alisogeza kigoda chake nyuma mpaka kikagonga ukuta. "Hiyo imetoka kule?" Nikasema ndiyo. "Basi ifunge, ifunge!" Mke wake alitoa watoto nje. Mhuri wake aliuficha chini ya koti, kana kwamba karatasi ingeurukia.

Si mtu mbaya. Ndicho kinachoniumiza. Ameniambia kwa upole kabisa: una fomu nyingine? Lete iliyo na kidole cha mtu asiye na msiba, mimi nagonga mhuri leo leo. Nikamwambia, lakini fomu inataka kidole cha baba. Akanishangaa. Akasema, mzungu atajuaje?

Jumanne, 14 Agosti

Nimekwenda kijitoni tena. Sikuwa na la kuomba, nilitaka tu nimwone. Nikamwambia baba kwamba jumbe amekataa.

Akauliza: "Ijumaa ndiyo mwisho?"

"Ndiyo baba."

"Bomani kwa DC?"

"Ndiyo."

"Haya. Nenda ukapumzike."

Basi. Wala hakuniaga.

Jumatano, 15 Agosti

Sikukuu ya Mama Maria Kupalizwa Mbinguni. Nimekwenda misa asubuhi na mchana nimedanganya.

Mume wa shangazi, Joakimu seremala, ndiye aliyeweka kidole. Hakubembelezwa. Alisema nafasi ya mtoto haiwezi kupotea kwa sababu ya tone la wino. Kidole gumba chake kilikatwa na msumeno zamani, kwa hiyo alama ina mstari mweupe katikati. Chini yake imeandikwa kwa mwandiko wangu mzuri: Tluway, baba wa Benedikta. Jumbe akagonga mhuri bila kupepesa, akanipa mkono, akanitakia safari njema. Shangazi akatupikia kuku.

Wote wana amani! Kidole cha kweli ni kichafu na cha uongo ni kisafi, na asiyemgusa kuku ni mimi peke yangu. Fomu ya baba ningeichoma. Nimeshindwa. Iko chini ya sanduku, ndani ya kitambaa.

Alhamisi, 16 Agosti

Nimempa fomu karani wa boma, Nikolausi. Kesho saa nne, DC anataka kuniona mwenyewe.

Sili, silali. Naogopa nitakataliwa. Naogopa pia nitakubaliwa.

Ijumaa, 17 Agosti

Saa tatu na nusu. Benchi la nje, bomani. Naandika kwa penseli ili mikono iwe na kazi.

Fomu imo ndani, juu ya meza ya DC. Nimeiona kupitia mlangoni. Pembeni yake kuna kidau cha wino. Nikolausi anasema bwana ameridhika, ataniuliza maswali mawili ya Kiingereza, kisha sahihi. Kesho lori!

Saa nne kasoro. Kelele upande wa soko. Wanawake wanaokota vikapu vyao na kukimbia, viazi vimemwagika hakuna anayeviokota. Nikadhani nyati.

Watu wanaachia njia, huku na huku. Katikati anakuja mtu mmoja peke yake. Shuka jeusi. Anatembea polepole, hamwangalii mtu.

Ni baba.

Mwendo wa saa nne na nusu kwa miguu kutoka Nambis, na amepita mbele ya nyumba za watu wote! Hawatamsamehe hili. Hawatamwazima moto wala ng'ombe wa kulimia, hata mvua zikinyesha na metimani ikaisha.

Nikolausi amefunga dirisha na kutokea mlango wa nyuma. Tarishi hayupo tena. Benchi lote ni langu. Nataka kumpigia kelele rudi, baba, mambo yamekwisha — lakini nitamwambia yamekwisha vipi?

Amesimama chini ya bendera, hatua hamsini, kama kijitoni. Ananitafuta kwa macho. Ameniona. Anatabasamu, yeye! Ameinua mkono wa kulia nione. Kidole gumba amekwisha kukipaka masizi.

Na DC ametoka barazani mwenyewe, fomu mkononi, anauliza mzee huyu ni nani, na mbona anaonyesha kidole —