Mjomba Tito na Kofia ya Manyoya

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Vipi miguu, bado inakusumbua ukishuka bondeni? Baridi ya Njombe naililia mama, laiti ningeikunja nikaitia kwenye begi. Mimi mzima. Asiye mzima ni mdogo wako, na ndiyo maana nimeandika: nikipiga simu yeye hukaa hapo hapo pembeni ananisikiliza.

Usidanganywe tena kwamba mjomba Tito ananunua nguo za jumla mtaa wa Guangyuan Xilu. Biashara ile ilikufa kabla ya Pasaka. Sasa mimi na yeye ni walinzi wa mfalme. Usicheke! Kuna tajiri amejenga maghorofa ya kuuza, geti kaliweka kama la ikulu ya Ulaya, na ili wanunuzi waone ufahari ametuvika makoti mekundu na kofia ndefu za manyoya. Tunasimama kimya, hatutikisiki. Saa sita mchana tunabadilishana zamu kwa gwaride, watu wanarekodi. Ukitikisika kabla ya zamu, kazi huna. Amri natoa mimi, kwa Kiswahili kile cha mgambo, mguu sawa, mguu pande. Laoban, ndivyo Wachina wanavyomwita bosi huku, anadhani hicho ndicho Kiingereza cha kifalme.

Jumamosi jua lilikuwa kali mpaka lami inanata. Nikaja na wenzangu kumpokea mjomba zamu. Kumtazama tu, nikajua hayuko sawa. Midomo imekuwa ya kijivu, bunduki ya mbao inamcheza mkononi. Na laoban kasimama pale pale na wageni wake. Ningefanyaje, mama? Nikavuta pumzi, nikaita kwa sauti ya gwaride:

"Mjombaaa! Dawa ya presha... umekunywa?"

Akapiga mguu chini, macho mbele: "Ziliishaaa... mwezi jana!"

"Unaniona?"

"Naona gizaaa!"

Wageni wakapiga makofi. Mimi machozi yananilenga. Nikawaamuru wale wenzangu wawili, Wakongo wa Lubumbashi, wamweke katikati. "Mshikeni makwapa! Mbele... tembea!" Tukatoka naye hivyo hivyo, buti zinaburuta, mpaka nyuma ya ofisi ya mauzo. Akaanguka hapo. Nilipomvua kofia, jasho lilimwagika kama nimekamua dekio.

Hospitali walimpa dawa, wakamkataza jua. Nikamwambia, "Mjomba, rudi nyumbani." Akanijia juu: "We mtoto! Amri zako ziishie getini. Niliaga Njombe nzima kwamba narudi na kontena, leo nirudi na kofia?" Laoban naye kafurahi kupita kiasi. Anataka kelele zile ziwepo kila siku, na mjomba aburutwe vilevile. Na mjomba kakubali! Kesho anasimama tena.

Nimeshindwa, mama, na ninaogopa. Barua hii nimeipiga picha, naituma kwa simu ya dada Neema akusomee sasa hivi. Msalimie baba, na shangazi Rehema na kwaya yake. Bibi msimwambie kitu, presha yake nayo tunaijua.

Ulimbeba mgongoni wewe, na ukisema wewe anatii. Mpigie kabla hakujakucha huku. Usimuulize hali, atadanganya. Usimbembeleze. Paza ile sauti uliyokuwa ukituitia kutoka shambani, umwambie maneno mawili tu: nyuma geuka.

Mwanao ninayekutegemea,
Festo