Ombi Moja kwa Siku

Jumatatu, 3 Machi
Goti limevimba tena baada ya mazoezi. Mimi, msoma mita za maji, niliyezoea kumaliza mitaa kwa miguu, leo nimeshindwa na ngazi za kliniki. Nililia chooni. Mshauri nasaha alinikuta nimenawa uso. Eti, dada, limepasuliwa goti, mbona ulimi ndio umeshonwa? Nikacheka — kisha nikalia tena. Kanipa kazi: kila siku nimwombe mume wangu jambo moja. Lolote. Bila kusema samahani.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwomba maji ya kunywa. Alishtuka, akaleta.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwomba aniwekee mguu juu ya mto. Kinyozi huyu mume wangu, anayewavunja wateja mbavu kutwa nzima, nyumbani huwa bubu. Leo alikaa kitandani, mkono juu ya bandeji, akanisimulia habari ya mzee mwenye upara aliyedai kunyolewa kwa nusu bei. Tulicheka kama zamani!

Alhamisi, 6 Machi
Mjinga mimi. Alinisaidia kuoga, akanikausha mgongo, akauliza kama anichane na nywele. Nikamjibu, ahsante, ya leo tumemaliza.
Ya leo nini?
Nikamweleza kazi ya mshauri. Akatundika taulo, akatoka.

Jumamosi, 8 Machi
Chakula analeta kabla sijaomba — anaweka, anaondoka. Wifi kaja. Ananiambia nishukuru, wanaume wengine wangeshatimua mbio.

Jumapili, 9 Machi
Mume wangu anahamia kwa kaka yake, "kwa muda". Hakupaza sauti; afadhali angefoka. Kasema hata tulipomzika mtoto wetu sikumwegemea, nilikuwa nawapangia wageni viti. Kasema miaka yote amengoja nimwombe kitu, na siku nilipoomba, kumbe nimetumwa.
Viti. Ni kweli. Niliogopa nikimwegemea tutaanguka wote wawili.
Wifi yuko jikoni, ndiye atakayebaki na mimi. Mume wangu yumo humu chumbani, anakunja mashati. Naandika ili nisimtazame.
Amefunga zipu ya begi. Amesimama mlangoni. Anauliza kama nahitaji chochote kabla hajatoka.
Ombi la leo bado sijalitoa. Nikimwambia baki — ataniuliza nani kanituma.